Msako wa Neutrino Tasa katika Anga ya Voi

Neutrino tasa ni chembe ya kinadharia. Hakuna aliyewahi kuinasa. Neutrino za kawaida ni za aina tatu, nazo hupenya miili yetu kwa matrilioni kila sekunde bila madhara. Hii ya nne, kama ipo, haiguswi hata na nguvu dhaifu inayowezesha zile tatu kunaswa mara mojamoja. Inasakwa kwa sababu huenda ndiyo maada ya giza, ambayo ni zaidi ya asilimia 80 ya maada yote ulimwenguni.

Nadharia imeacha mwanya mmoja. Kwa nadra mno, neutrino tasa huvunjika na kutoa mwale wa eksirei wenye nusu ya nishati ya uzito wake. Mwaka 2014, data za darubini ya XMM-Newton zilionyesha mwale hafifu wa kiloelektronivolti 3.5 kutoka kwenye makundi ya galaksi, dalili ya chembe yenye uzito wa kiloelektronivolti 7 hivi.

Kaunti ya Taita Taveta inaingia katika msako huu kwa anga yake. NuSTAR, darubini ya Marekani iliyorushwa Juni 2012, huzunguka Dunia bila kuvuka nyuzi 6 kaskazini au kusini mwa ikweta. Voi, mji wa kaunti hiyo, iko nyuzi 3.4 kusini. Darubini hiyo ikitoka anga ya Voi hufika ya Malindi kwa nusu dakika hivi, na data zake hushushwa hukohuko Malindi, katika kituo cha Waitaliano cha Luigi Broglio. Ni katika maji ya pwani hiyo ambako Uhuru, setilaiti ya kwanza ya eksirei, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970.

Kinachovutia zaidi ni kasoro ya NuSTAR. Vioo vyake na vitambuzi vimetenganishwa na mlingoti wa mita 10 usiozibwa pembeni, hivyo eksirei za pembeni huvifikia vitambuzi bila kupitia vioo. Kwa anayechunguza nyota moja huo ni usumbufu mtupu. Kwa msaka maada ya giza, iliyotanda anga nzima, ni neema: eneo analoliona hupanuka mno.

Wanasayansi walitumia upenyo huo kuchunguza kitovu cha galaksi yetu. Mwale wa 3.5 ulionekana, ila uliendelea kuonekana hata Dunia ilipokuwa imeziba macho ya darubini. Basi ulielekea kutoka kwenye chombo chenyewe. Chunguzi zilizofuata hazikupata neutrino tasa, lakini zimefuta sehemu kubwa ya nafasi iliyokuwa imebaki kwa chembe zenye uzito unaozidi kiloelektronivolti 10.

Neutrino tasa ikiwa na uzito chini ya kiloelektronivolti 6, mwale wake ungeshuka chini ya kiloelektronivolti 3, ambako NuSTAR haioni. Huko kazi ni ya vyombo vingine, kikiwemo XRISM cha Japani, kilichorushwa Septemba 2023, ambacho hutenganisha miale iliyokaribiana kwa ustadi mkubwa zaidi.