Kuanzishiwa uchungu mapema: hii dawa imetoka wapi, na ukiandikiwa ufanyeje? (Sehemu ya 7)

  Wiki iliyopita tulimaliza presha ya mimba. Leo naingia kwenye swali ambalo mnaniuliza karibu kila wiki, ila kila mmoja kwa sura yake: "Nesi, nina wiki 38, nimeandikiwa nikalazwe Jumatatu nianzishiwe uchungu. Mama mkwe anasema mtoto hutoka akiiva. Nikubali?"

Sina jibu moja la kuwapa wote, na nesi anayekupa ndiyo au hapana bila kuona kadi yako anabahatisha. Lakini nikikusimulia haya mambo yalivyoanza, utajua cha kuuliza. Na historia yenyewe imepita karibu na kwetu kuliko unavyodhani.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Ile tarehe ya matarajio unayoandikiwa kliniki inatokana na kanuni ya daktari wa Kijerumani, Franz Naegele, aliyeieleza mwanzoni mwa miaka ya 1800. Unachukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, unaongeza siku 7, unarudi nyuma miezi mitatu. Hedhi ilianza tarehe 10 Machi, basi utaambiwa 17 Desemba. Jumla ni kama siku 280. Bibi zetu wa pwani waliohesabu kwa mwezi mwandamo wangepata miezi tisa na nusu hivi, kwa hiyo usiwacheke, hawakuwa mbali. Tatizo la kanuni ni kwamba inadhani kila mwanamke anapata siku zake kila baada ya siku 28 kama saa ya ukutani, na kwamba anakumbuka tarehe. Wangapi kati yetu tulishika mimba tukiwa bado tunanyonyesha, au tumetoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango?

Ultrasaundi ilikuja kusaidia. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha zao za kwanza mwaka 1958. Ila sikiliza vizuri: ultrasaundi ya miezi mitatu ya mwanzo inakosea kwa siku chache tu. Ya mwezi wa nane inaweza kukosea wiki mbili, hata tatu. Kwa hiyo ukipiga ya kwanza mwezi wa nane ikakwambia "wiki 38", inawezekana kabisa mtoto ana 36, na mtoto wa 36 anaweza kutoka akashindwa kupumua vizuri, mkaishia chumba cha watoto wachanga siku kadhaa. Mama mkwe akisema mtoto hajaiva, ndicho anachosema, kwa lugha yake.

Sasa, nani alianza kuharakisha uchungu? Karibu kila mahali watu walijaribu. Uganda magharibi watafiti wamewahi kuorodhesha mimea zaidi ya 70 inayotumiwa kwa kazi hiyo, na hapa kwetu usijifanye hujui, kila mtaa una mama mwenye majani yake. Ulaya, katikati ya miaka ya 1700, madaktari wa London walianza kupasua chupa kabla ya siku kwa wanawake ambao nyonga zao zilikuwa nyembamba kwa sababu ya matege. Mtoto angekua zaidi asingepita, na enzi hizo kupasuliwa tumbo kulikuwa karibu sawa na kufa. Naomba ukumbuke hilo: mwanzo wake ilikuwa njia ya kumwokoa mama. Haikuja kwa ajili ya kuwahi ratiba.

Dawa zenyewe zilifika baadaye. Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale aligundua kwamba maji ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo yanakaza kizazi. Wakaanza kuwachoma wanawake sindano za dawa iliyotengenezwa kwa tezi za ng'ombe. Zilifanya kazi, na ziliua pia, kwa sababu sindano ikishaingia huwezi kuitoa, na vizazi vilipasuka. Mwaka 1948 daktari mwingine wa Uingereza, Theobald, alieleza kuitoa kidogo kidogo kwa dripu, ambayo ukiona mambo yanaharibika unaifunga. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud akaitengeneza maabara bila ng'ombe, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel. Hiyo ndiyo oksitosini, "dripu ya uchungu" mnayoijua. Ukiona nesi anahesabu matone na kukushika tumbo kila mara, hakusumbui. Anafanya kazi ambayo wanawake walikufa ndipo watu wakajifunza.

Sasa tuje kwetu. Oksitosini ina udhaifu: mlango wa kizazi ukiwa bado mgumu na umefunga, unaweza kukaa na dripu kutwa nzima usifunguke. Kuna kitu kingine mwilini kinachoulainisha, kinaitwa prostaglandini. Kiligunduliwa miaka ya 1930 ndani ya shahawa, na Ulf von Euler wa Sweden akakipa jina akidhani kinatoka kwenye tezi dume. (Ndiyo, najua mnawaza nini. Ule ushauri wa mashangazi kuhusu tendo la ndoa mwezi wa tisa una asili hapo, ingawa tafiti hazijathibitisha kama unaleta uchungu. Kama mimba yako haina shida, chupa haijapasuka na hutoki damu, hauna madhara.)

Aliyekipeleka kitu hiki leba ni Sultan Karim, mtafiti wa dawa wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Alishaonyesha kwamba prostaglandini huonekana kwenye maji ya uzazi mama akiwa kwenye uchungu. Yeye, Profesa Trussell na wenzao wakauliza: je, tukimpa mama kwa dripu, uchungu utaanza? Ukaanza. Mwaka 1968 walichapisha matokeo kwenye jarida la madaktari wa Uingereza, na dunia nzima ikageuka kuangalia Kampala. Kiwanda chetu cha saruji hapa Wazo Hill kilikuwa kimefikisha miaka miwili tu. Nawaambia hivi kwa sababu watu hudhani kila dawa imetoka Ulaya ikaja kujaribiwa kwetu. Hii ilianzia hapa jirani, ikaenda kwao.

Mtoto wa ukoo huo ni misoprostoli, kidonge kilichotengenezwa Marekani kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Hakihitaji friji na ni cha bei nafuu. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilikiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya kuanzisha uchungu, kwa dozi ya maikrogramu 25. Shida ni kwamba kidonge cha kawaida kina 200, yaani mara nane. Sasa mtu anakinunua duka la dawa, anakikata kwa wembe, anajiwekea nyumbani kwa sababu "nimechoka na hii mimba". Dada yangu, hapana. Nakuomba kabisa. Kizazi kinaweza kubana bila kupumzika, mtoto akakosa hewa, na kama una kovu la operesheni kizazi kinaweza kupasuka ukiwa kwenye bajaji njiani. Mwenye kovu haanzishiwi kwa kidonge hiki hata hospitalini.

Dawa zilipokuwa rahisi, tamaa ikafuata. Uingereza katikati ya miaka ya 1970 walifika mahali karibu wanawake wanne katika kila kumi walikuwa wanaanzishiwa, wanawake wakalalamika kwamba wanazalishwa kwa saa za kazi za madaktari, na magazeti na televisheni vikaingia kati. Idadi ikashuka. Kwetu sura ni nyingine: wodi imejaa, wakunga wachache. Zanzibar, hospitali ya Mnazi Mmoja, kuanzia mwaka 2014 wakunga na madaktari wa pale pamoja na watafiti walitengeneza kijitabu cha mfukoni chenye miongozo inayotekelezeka kwenye leba iliyojaa, pamoja na mafunzo mafupi. Kazi hiyo iliitwa PartoMa. Matumizi ya dripu ya kuongeza uchungu yalishuka karibu nusu, na watoto waliozaliwa wafu wakapungua kutoka 59 hadi 39 katika kila vizazi 1,000. Dripu haikuwa sababu pekee, walibadilisha mambo mengi kwa pamoja. Lakini mimi nikiisoma hiyo naona kitu kimoja: dawa hii bila mtu wa kukuangalia ni hatari, na ikipunguzwa pasipohitajika hakuna aliyepungukiwa.

Je, ina maana ukatae? Subiri.

Uholanzi mwaka 2009 walitoa utafiti wa wanawake 756 wenye presha ya mimba isiyo kali, waliofika wiki ya 36 kwenda juu. Walioanzishiwa walipata matatizo kidogo, asilimia 31, na waliosubiri asilimia 44. Ndiyo maana mwenye presha iliyopanda akiambiwa wiki ya 37 "mama, tumtoe", mimi namwambia kubali, tena leo. Kifafa cha mimba hakisubiri mtoto aive. Sweden mwaka 2019 walilinganisha kuanzishiwa wiki ya 41 na kusubiri hadi 42. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda kwa sababu kundi la kusubiri lilikuwa limepoteza watoto sita na la kuanzishiwa hakuna. Kwa hiyo wewe uliyepita tarehe siku 4, tulia, bado. Ukifika wiki 41 kamili na tarehe zako ni za uhakika, ndipo Shirika la Afya Duniani nalo linashauri uanzishiwe.

Upo pia utafiti wa Marekani wa mwaka 2018, wanawake zaidi ya 6,000 wa mimba ya kwanza, wasio na shida yoyote. Walioanzishiwa wiki ya 39 walipasuliwa asilimia 18.6, waliosubiri asilimia 22.2. Utausikia ukitajwa. Ni wa kweli, ila wale walikuwa na tarehe zilizohakikishwa kwa ultrasaundi, na leba ambazo mapigo ya moyo wa mtoto yanafuatiliwa muda wote. Linganisha na leba unayokwenda wewe, halafu amua kama namba hizo ni zako. Na ilikuwa wiki ya 39, siyo 38.

Kwa hiyo muulize daktari sababu, kwa jina lake. Presha, chupa iliyopasuka bila uchungu kuanza, mtoto ambaye hakui vizuri, maji yaliyopungua sana, hizo ni sababu. Kisukari kisichoshuka nacho ni sababu. "Mtoto anaonekana mkubwa" peke yake, kwa mama asiye na shida nyingine, siyo sababu ambayo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaikubali. Wala "ili usijifungue sikukuu". Muulize tarehe amezipata wapi, na umpe picha ya ultrasaundi ya mwanzo kama unayo. Muulize mlango wa kizazi ukoje. Kuna alama zinazohesabiwa tangu mwaka 1964, za daktari anaitwa Bishop: ulaini, urefu, umefunguka kiasi gani, umeelekea wapi, kichwa kimeshuka wapi. Alama zikiwa chache, jiandae kwamba inaweza kuchukua siku mbili, na wengine wataanzwa na mpira wenye puto kabla ya dripu. Mume aambiwe hilo mapema, asianze kupiga simu saa sita mchana kuuliza kwa nini hujajifungua.

Ukiomba kusubiri, usiondoke hivi hivi. Ondoka na tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi, ndani ya siku chache, na upimwe presha na mapigo ya mtoto kila unaporudi. Mtoto akipunguza kucheza, kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, ukitoka damu, chupa ikipasuka, tarehe hiyo imefutika, unakwenda saa hiyo hiyo. Na kwa sisi wa Wazo, barabara ya Bagamoyo saa kumi na moja jioni mnaijua. Mpangie dereva mapema, namba yake awe nayo na wifi yako, siyo mume peke yake.

Sehemu ya 8 ni kuhusu kovu la operesheni: nani anaweza kujaribu kujifungua kawaida, na nani asijaribu.