Merikebu ya Mombasa na Gereza la Nyeri

Mwenyeji wa Nyeri ashukaye Mombasa kuyazuru mabaki ya merikebu ya Kireno iitwayo Santo António de Tanná yafaa aelezwe mapema kwamba hataiona merikebu. Kwao amezoea kitu kikuu kuonekana toka mbali, kama Mlima Kenya alfajiri kabla ya mawingu kuufunika. Hapa atasimama chini ya Ngome ya Yesu, mbele yake pana maji tu. Hata ufuko mrefu wa mchanga hapana. Huo uko ng'ambo, Nyali na Bamburi.

Merikebu hiyo iliundwa Bassein, Bara Hindi, mwaka 1681. Waomani walipoizingira Ngome tangu Machi 1696, ilitumwa kutoka Goa kuwaokoa waliokuwa ndani, nayo ikazama Oktoba 1697 mbele ya kuta zile zile ilizokuja kuzinusuru. Ngome ilitekwa Desemba 1698. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi wakiongozwa na Robin Piercy, kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waliichimbua kwa subira kubwa. Vitu walivyopandisha huonyeshwa ndani ya Ngome, lakini mbao za chombo chenyewe zilipimwa, zikachorwa, zikaachwa baharini.

Mwanafunzi wa lugha ana masalio mengine ya kutazama. Orodha ya maneno ya Kireno katika Kiswahili (meza, bendera, kasha, leso, mvinyo) imerudiwa mno madarasani, na Kikuyu nacho kimepokea metha. Neno linalostahili kukawiliwa ni gereza. Asili yake ni igreja, yaani kanisa. Kanisa limegeukaje kuwa kifungo?

Mgeni atokaye kuitembelea Ngome huenda akadhani jibu analo mkononi, kwa kuwa Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895. Dhana hiyo haisimami. Kamusi za karne ya 19, zilizotangulia utawala huo, zililieleza gereza kuwa ni ngome na ni kifungo pia. Ushahidi ulio bora zaidi uko Unguja. Baada ya kuwafukuza Wareno, Waomani walijenga Ngome Kongwe mahali palipokuwa na kanisa, na baadhi ya kuta za kanisa zikaingia katika jengo jipya. Kilwa Kisiwani nako ngome huitwa Gereza hadi leo. Basi naona kwamba neno halikuhama. Lilibaki pale pale lilipokuwa, na jengo ndilo lililobadilishwa: kanisa likawa ngome, ngome ikafungiwa watu.

Kutoka pwani neno lilipanda bara pamoja na serikali. Nyeri ilianzishwa mwaka 1902 kama kituo cha askari, na baadaye likajengwa gereza la King'ong'o, ambalo wakati wa Hali ya Hatari lilijulikana na kila nyumba ya wilaya ile. Dedan Kimathi alikamatwa 21 Oktoba 1956, kesi yake ikasikilizwa Nyeri, akanyongwa Kamiti 18 Februari 1957. Siku hiyo Ngome ya Yesu ilikuwa bado jela. Ilikoma kuwa jela mwaka 1958.

Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba Kikuyu, kilichochukua metha bila shida, hakikulichukua gereza. Husemwa njeera, ambalo asili yake ni Kiingereza, kama jela ya Kiswahili. Kwa hiyo mfungwa wa King'ong'o alikuwa na majina mawili ya mahali alipofungiwa, moja la Mreno na moja la Mwingereza. La wazee wake hakuwa nalo. Sheria yao ilimtoza mkosaji mbuzi na ng'ombe wa fidia, wala haikuwa na nyumba ya kumfungia mtu.