Foundation 41: Wafadhili waliamini jina, vijana walitazama takwimu

Mwaka 1971 taasisi ya Ufaransa iitwayo L'Institut de la Vie ilimtunuku daktari wa uzazi wa Sydney, William McBride, nishani pamoja na fedha. Fedha hizo hakuzitia mfukoni. Alianzisha kwazo taasisi ya utafiti, Foundation 41, ichunguze kwa nini baadhi ya watoto huzaliwa na ulemavu. Jina lake lilitokana na hesabu ya wiki: 40 za ujauzito na 1 ya kwanza ya uhai wa mtoto. Kwa vijana waliotaka kuifanya afya ya mjamzito kuwa kazi ya maisha yao, Sydney ilikuwa imepata mwajiri mpya.

Heshima ile McBride hakuiokota njiani. Alikuwa akizalisha katika Hospitali ya Wanawake ya Crown Street, ileile walikofanya kazi Catherine na Reginald Hamlin kabla ya kwenda Addis Ababa mwaka 1959, ambako walikuja kujenga hospitali ya fistula inayojulikana Afrika Mashariki yote. Hapo Crown Street wajawazito waliandikiwa thalidomidi kutuliza kichefuchefu. Dawa hiyo ya kampuni ya Grünenthal ya Ujerumani Magharibi iliingia sokoni mwaka 1957, ikasifiwa kuwa haina madhara, na huko Australia iliuzwa kwa jina la Distaval. Kufikia mwaka 1961 hospitali ikaanza kupokea watoto wenye mikono mifupi isiyokamilika na matumbo yaliyoziba. Mkunga Pat Sparrow anatajwa kuwa wa kwanza kugundua kwamba mama zao walikuwa wamekunywa dawa moja.

Jarida la The Lancet lilichapisha barua fupi ya McBride tarehe 16 Desemba 1961. Alisema kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watano wa wanawake waliotumia dawa hiyo alizaliwa na ulemavu mkubwa, akauliza kama madaktari wengine wameona hayo. Huko Hamburg, Widukind Lenz alikuwa amekwishafikia hitimisho hilohilo. Duniani kote watoto zaidi ya 10,000 waliathirika. Barua ya McBride ilisaidia kuwaepusha wengine, na sifa hiyo ni yake mpaka leo, hata baada ya yote yaliyofuata.

Na yaliyofuata yalianzia kwenye namna fedha zilivyopatikana. Watu walichangia Foundation 41 kwa sababu walimwamini McBride. Jina lake ndilo lililokuwa dhamana, na yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kazi. Kijana aliyeajiriwa pale hakuwa na ruzuku yake mwenyewe. Mshahara, maabara, wanyama wa majaribio na barua ya kumpendekeza kwa kazi nyingine, vyote vilipitia mkononi mwa mtu mmoja. Wasomi wetu wa Muhimbili, Makerere au Nairobi ambao mkataba wao huisha siku mradi wa bosi unapoisha hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 McBride aliamini kwamba amepata thalidomidi nyingine. Safari hii alishuku Debendox, dawa ya kichefuchefu cha wajawazito iliyotumika sana. Foundation 41 iliwapa sungura wenye mimba dawa iitwayo skopolamini, ambayo utendaji wake mwilini ulikaribia ule wa kiambato kimoja cha Debendox ya awali, na matokeo yakachapishwa mwaka 1982 katika jarida la kisayansi la Australia. Waandishi walitajwa kuwa watatu: McBride na watafiti wake wawili, Phil Vardy na Jill French.

Vardy alipoisoma makala hiyo, yenye jina lake juu, aliona takwimu si zile walizopata maabara. Dozi zilikuwa zimebadilishwa, na sungura ambao hawakuwamo katika jaribio walikuwa wameongezwa. Alimkabili mkuu wake, hakuridhika na majibu, akaondoka. Watafiti wadogo wengine waliandika barua kwa kamati ya ushauri ya taasisi. Kamati haikuchukua hatua, nao wakapoteza kazi.

Hapa ndipo hadithi hii inaponiuma zaidi. Vijana hawa walifanya hasa kile ambacho sayansi huwafundisha wanafunzi wake wafanye, na kwa miaka mitano hivi hakuna aliyewasikiliza. Mnamo Desemba 1987 daktari na mwanahabari Norman Swan aliitangaza habari hiyo katika redio ya taifa, ABC. Ndipo taasisi ikaunda tume chini ya Sir Harry Gibbs, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Australia, na mwaka 1988 tume ikahitimisha kwamba McBride alifanya udanganyifu wa kisayansi. Mwaka 1993 jina lake lilifutwa katika daftari la madaktari. Alirudishwa mwaka 1998, akafariki mwaka 2018.

Wanawake nao walilipia. Mtengenezaji wa Debendox, akielemewa na kesi nchini Marekani, ambako McBride alikuwa miongoni mwa mashahidi dhidi ya dawa hiyo, aliiondoa sokoni mwaka 1983. Tafiti nyingi hazikuthibitisha kwamba inalemaza watoto, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tena mchanganyiko uleule. Wajawazito wa huko walikuwa wamekaa miaka 30 bila dawa iliyoidhinishwa kwa tatizo lao. Mtu aliyewahi kutapika toka alfajiri mpaka usiku akiwa na mimba ya miezi miwili anajua uzito wa miaka hiyo.

Baadaye Australia iliandika kanuni za mwenendo wa utafiti, zikatolewa upya mwaka 2007 na tena 2018, zikizitaka taasisi kuwa na njia za kupokea malalamiko na kuyachunguza. Kwa upande wa fedha, Baraza la Kitaifa la Utafiti wa Afya na Tiba lilianzisha ruzuku za miaka mitano kuanzia mwaka 2019, zikiwa na ngazi maalumu ya watafiti wasiozidi miaka 10 tangu kupata shahada ya uzamivu. Ruzuku hutolewa kwa jina la mtafiti mwenyewe, na anaweza kuomba kuihamishia chuo kingine. Kuzipata ni vigumu: katika raundi za mwanzo waliofanikiwa hawakufikia hata mwombaji mmoja kati ya watano. Lakini kwangu, uwezo huo wa kuhama ndio kinga kubwa kuliko kanuni yoyote, kwa kuwa kijana anayeweza kuondoka na fedha zake anaweza pia kumwambia profesa wake kwamba takwimu si za kweli.

Ruzuku hizo hazimfikii kila mtu wa maabara. Msaidizi wa utafiti, yule anayepima dozi na kuandika daftari la kila siku, bado huajiriwa kwa fedha za mradi wa mwingine, kwa mkataba unaoisha mradi unapoisha.