Mwele na Wenziwe wa Ngoma

Katika pwani ya Mrima hadi Kilwa, na ya Mgao iteremkayo Lindi hadi Mikindani, maradhi mazito hayakuachiwa ukimya. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliyaandika ya kupunga pepo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Kila pepo alikuwa na ngoma yake na nyimbo zake. Mwele hakulazwa asikilize tu; alichezeshwa, akaimba, watu wakamwitikia.

Aliyekwisha kupungwa aliitwa mteja, neno ambalo leo tumelipeleka dukani. Mteja wa zamani hakuwa mnunuzi. Alipougua mwingine, yeye alikaa miongoni mwa waitikiaji, akiujua mwili unaotetemeka kwa kuwa wake uliwahi kutetemeka.

Hatusemi kwamba ngoma iliponya kila maradhi; wengi walikufa, na ngoma imelia. Lakini usiku ule mgonjwa alirudi kuwa mwimbaji, ubavuni mwa sahibu aliyewahi kulala pale alipolala yeye, na wote wawili wakafurahi. Wapenzi wa ushairi watalielewa hilo upesi: kiitikio hakiimbwi na mtu mmoja.