Punda Akifa, Mzigo Haufiki

Wasee, msemo wa "punda afe, mzigo ufike" siukubali. Mji wa kale wa Lamu una vichochoro vyembamba, gari haliingii. Mchanga, simiti, mawe ya kujengea, yote hubebwa na punda. Punda akichechemea, kuna familia inalala njaa.

Elisabeth Svendsen, Mwingereza aliyeanzisha The Donkey Sanctuary kwao mwaka 1969, alifika Lamu akaguswa na hali ya punda wa pale. Mwaka 1987 kituo kikafunguliwa kando ya bahari. Chenye nakipendea ni kwamba hakikuanza kwa kunyang'anya watu punda wao. Unaleta punda wako, anatibiwa bure, anarudi kazini akipona.

Halafu 2016, huku bara, machinjio ya punda yakaanza kufunguliwa. Ngozi zikaenda China kutengenezwa dawa, na wizi wa punda ukazidi. Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusimamisha biashara hiyo kwa miaka 15.

Kwa hivyo mtu akikwambia kituo cha punda ni huruma ya watalii tu, mwambie hiyo ni kulinda ajira. Mwenye punda mmoja akimpoteza, amefutwa kazi.