Uhalisia pepe katika makumbusho: mgeni huona nini, hujifunza nini?

Mkazi wa Arua anayetaka kuzuru Makumbusho ya Uganda mjini Kampala husafiri karibu kilomita 500. Je, teknolojia ya uhalisia pepe yaweza kumfupishia safari hiyo?

Uhalisia pepe ni nini?

Ni mandhari iliyoundwa kwa kompyuta na kutazamwa kupitia miwani maalumu inayoziba macho. Kila jicho huoneshwa picha yake, huku vihisi vikifuata mwendo wa kichwa. Ukiinua uso, waona paa. Ukigeuka, waona mlango. Mtazamaji hujihisi yumo ndani, ingawa wengine hupata kizunguzungu.

Faida yake

Mwaka 2009 wataalamu walipima kwa miali ya leza Makaburi ya Kasubi, mahali walipozikwa Makabaka wanne wa Buganda. Machi 16, 2010, jengo kuu liliteketea kwa moto. Vipimo vilisalia, na kwavyo jengo la awali laweza kutazamwa tena kwa pande tatu.

Kuvutiwa si kujifunza

Mwaka 2018, Jocelyn Parong na Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi waliosoma somo la biolojia kwa miwani na wenzao waliolisoma kwa picha na maandishi ya kawaida kwenye kompyuta. Wenye miwani walivutiwa zaidi, lakini wenzao walifanya vizuri zaidi katika mtihani. Hata hivyo, waliovaa miwani na kutua kila baada ya sehemu ili kuandika muhtasari walijifunza zaidi ya wale waliotazama mfululizo.

Kwa makumbusho, funzo ni kwamba miwani haichukui nafasi ya mwelezaji. Mgeni ahitaji kutua, kuuliza na kusimulia alichokiona.

Nani husimulia?

Huko Moyo, kando ya Mto Nile, yapo mabaki ya ngome ya Dufile, iliyoanzishwa katika miaka ya 1870 wakati wa utawala wa Misri na baadaye kushikwa na askari wa Emin Pasha. Wafuasi wa Mahdi waliishambulia mwaka 1888. Wanaakiolojia waliichimba mwaka 2006 na 2007, na kuta zake za udongo bado zaonekana.

Wanubi wengi wa Arua na Koboko hujinasibisha na askari hao. Lakini askari hao hao walipora nafaka na mifugo ya vijiji jirani. Iwapo Dufile itaundwa upya kwa kompyuta, mtazamaji atasimamishwa ndani ya ngome pamoja na askari, au nje pamoja na mwanakijiji anayewaona wakija? Aliyevaa miwani hawezi kuona upande ambao mtengenezaji hakuuunda. Kwa hiyo wazee wa pande zote mbili wapaswa kusikilizwa kabla kazi haijaanza.