Sauti za Kibanda: Nyumba za Video za Kamwokya na Yaliyozipata

Mtu ashikaye barabara ya Kira kutoka Mulago, mjini Kampala, hulipita kwanza Jumba la Makumbusho la Uganda. Kisha, mbele kidogo, huukuta mtaa wa Kamwokya, ambao nyumba zake zimebanana zikiteremka mpaka bondeni. Jumba hilo lilianzishwa mwaka 1908, likahamia mahali lilipo sasa mwaka 1954. Kati ya mwaka 1948 na 1957 mlezi wake alikuwa Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki mzaliwa wa Ujerumani, ambaye alizunguka Uganda na mtambo wa kunasia sauti, akikusanya nyimbo na milio ya ngoma, zeze na marimba. Sauti hizo zimehifadhiwa London, na nakala zake zimerudishwa Makerere.

Hatuyataji haya bure. Hatua chache kutoka jumba hilo, katika vichochoro vya Kamwokya, ilikuwapo sanaa nyingine ya sauti, nayo haikupata Wachsmann wake. Katika makala haya twakusudia kueleza habari za vibanda vya video, ambamo wengi wetu tulipitisha sehemu ya utoto wetu: vilianzaje, ni kazi gani iliyofanyika ndani yake, na yepi yaliyovipata baadaye.

Asili ya kibanda

Filamu si jambo geni Uganda. Tangu zama za ukoloni magari ya sinema ya serikali yalizunguka vijijini, na mkalimani akisimama na kipaza sauti kuwaeleza watazamaji yaliyokuwa yakipita katika kitambaa cheupe. Mjini Kampala palikuwa na majumba ya sinema ya kudumu, na mojawapo lililovuma ni lile la Norman, lililochukua jina la Norman Godinho, mfanyabiashara Mgoa. Biashara hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa Waasia. Idi Amin alipowafukuza mwaka 1972, majumba yaliwakosa wenyewe waliojua njia za kupata filamu, na uhaba na vita vya miaka iliyofuata vikayadhoofisha zaidi. Jumba la Norman liliishia kuwa nyumba ya ibada, makao ya kanisa lililoanzishwa mwaka 1984 na ambalo sasa lajulikana kwa jina la Watoto.

Wakati huohuo kanda ya VHS, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1976, ilikuwa ikienea duniani. Kwa mtu wa mtaani maana yake ilikuwa kwamba sinema haihitaji tena jumba. Televisheni moja, mashine moja ya kuchezea kanda, na jenereta kwa siku za kukatika umeme, vilitosha. Kampala ilipopata utulivu baada ya mwaka 1986, vibanda viliota mitaani kama uyoga. Kwa Kiganda viliitwa bibanda, na hapa mwalimu wa Kiswahili hahitaji kamusi.

Kibanda tulichokijua sisi kilikuwa cha mbao na mabati, na madirisha yake yalizibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Ndani mlikuwa na mabenchi yasiyo na egemeo, joto, na harufu ya jasho na karanga. Nje palikuwa na ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya filamu na saa zake, aghalabu kwa tahajia ya kubuni. Kiingilio kilikuwa noti chakavu ya shilingi 100. Mtoto asiyekuwa nayo hakurudi nyumbani; aliketi chini ya spika iliyotundikwa mlangoni, akaifuata filamu yote kwa masikio. Wala hakupitwa na mengi, kwa sababu ndani ya kibanda alikuwamo mtu aliyekuwa akieleza kila kitu.

Fundi wa maneno

Mtu huyo aliitwa VJ, herufi mbili zilizofupisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mfanya mzaha wa video. Kazi hii ilianza kushamiri mwishoni mwa miaka ya 1980. VJ aliketi mbele au pembeni, kipaza sauti mkononi, kidole juu ya kitufe cha sauti. Mhusika alipofungua kinywa, alipunguza sauti ya filamu akasema yeye kwa Kiganda. Bunduki zilipolia, aliirudisha. Mara nyingi filamu ilikuwa ya Hong Kong au ya India, kwa lugha ambayo yeye mwenyewe hakuielewa. Basi aliitazama kwanza peke yake, akaisoma katika nyuso na mikono, kisha akaitungia maneno.

Hapana budi kusema wazi kwamba hiyo haikuwa tafsiri kwa kipimo cha darasani. Polisi wa Chicago alisema kama mwenyekiti wa mtaa. Jambazi alipewa jina la kupanga la Kiganda, na mkimbizano wa magari ulipitishwa Wandegeya na Bwaise. VJ alimwonya shujaa, alimkaripia mwanamke aliyesahau kufunga mlango, na palipokuwa na ukimya alitia methali. Watu walichagua kibanda kwa kumfuata VJ, si kwa kufuata filamu. Ileile iliyotazamwa jana ilitazamwa tena leo kwa sababu maneno yake yangekuwa mengine.

Wala Uganda haikuwa peke yake. Huko Japani, filamu zilipokuwa bado bubu, walikuwapo wasimulizi walioitwa benshi, ambao majina yao yaliwavuta watazamaji kuliko majina ya waigizaji. Tanzania nayo ilimpata Lufufu, aliyefasiri filamu kwa Kiswahili akawa mashuhuri. Kwa Kamwokya faida ilikuwa ya namna yake. Mtaa ulijaa watu waliotoka kila pembe ya nchi, na mtoto aliyehamia akisema Kinyankole au Kiacholi aliketi benchi moja na mwenyeji. Wengi walikijua Kiganda cha mzaha kabla ya kukijua cha salamu.

Fimbo za walimu

Sasa twafika mahali ambapo sisi walimu hatuna budi kujishtaki. Shuleni kibanda kilihesabiwa kuwa tundu la wahuni. Aliyeonekana akitoka humo jioni alichapwa asubuhi. Tulichapwa sisi, nasi tulipokuwa walimu tukaishika fimbo ileile.

Hatusemi kwamba shule ilikosa kwa kila jambo. Watoto walitoroka masomo. Zilionyeshwa filamu ambazo hazikuwafaa, na chumba kilichojaa watu, chenye mlango mmoja na nyaya za umeme zilizo wazi, si mahali pa mtoto. Lakini twakumbuka mvulana mmoja wa darasa letu ambaye hakuweza kusimulia upya hadithi ya ukurasa mmoja. Wakati wa mapumziko mvulana huyohuyo alisimulia filamu ya saa mbili, kwa mpangilio wake, kwa sauti tano tofauti, na darasa zima likimzunguka. Mwalimu alipotokea, alinyamaza. Hakuna aliyemwuliza alijifunza wapi kusema hivyo, kwa kuwa jibu lingemletea viboko.

Yaliyovipata vibanda

Vibanda havikufa kwa siku moja. Mapema katika karne hii sauti ya VJ ilianza kurekodiwa pamoja na filamu na kuuzwa katika sahani za VCD na DVD, na familia zikatazama nyumbani. Kibanda kikatafuta riziki kwingine: kandanda ya Uingereza siku za mwisho wa juma, na katika vingine michezo ya PlayStation, ambapo mtoto alilipia zamu. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013 iliviweka vibanda chini ya leseni za Tume ya Mawasiliano ya Uganda. Mwezi Machi 2020 maradhi ya UVIKO-19 yakaleta amri ya kufunga sinema na mikusanyiko. Siku hizi filamu iliyofasiriwa hunakiliwa katika simu dukani, ikatazamwa na mtu mmoja kitandani. Vibanda vipo bado, lakini si vile vya wakati wetu.

Kile chetu sasa ni nyumba ya kubahatisha matokeo ya mpira. Kwa sheria ya mwaka 2016, mtu aliye chini ya umri wa miaka 25 haruhusiwi kucheza kamari. Hivyo mahali palipotupokea tukiwa na miaka tisa, leo kijana wa miaka 20 hana ruhusa ya kuchezea humo. Ng'ambo ya pili, upande wa Kololo, kuna sinema ya kisasa ndani ya jengo la maduka la Acacia, yenye viti laini na filamu ambazo hakuna anayezisemea.

Lililo gumu zaidi ni kwamba maneno yale ya kibandani, kabla ya kuja sahani, yaliishia hewani. Kanda zilizobaki zina sauti za Hong Kong. Sauti ya Kamwokya haimo. Mwaka 2010 Isaac Nabwana wa mtaa wa Wakaliga alitengeneza filamu iliyosifika hata ng'ambo, "Who Killed Captain Alex?". Filamu hiyo katika hali yake ya kwanza imepotea. Iliyosalia ni ile yenye maneno ya VJ Emmie juu yake. Ilipata bahati ambayo vibanda vyetu havikuipata.

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni, tumekuwa tukiulizana kila mkutano jinsi ya kumfanya mwanafunzi aipende lugha ambayo si ya nyumbani kwake. VJ wa kwanza wa mitaa yetu ni watu wazima sasa. Wengine wamekwisha kufariki, na wengine wapo, wakiuza maduka au kulea wajukuu. Wachsmann alibeba mtambo mzito kwa gari mpaka vijijini. Sisi tuna simu mfukoni, na mzee wa kumwendea yu hatua mia kutoka kituo cha teksi. Twendeni tukamsikilize, naye tumwombe aanze na filamu yoyote apendayo.